Mashine ya kufulia na kikaushio cha gesi zilizobebana: ugonjwa uko juu au uko chini?

Wengi wetu tuliohamia Marekani au Kanada tulikutana na mashine hizi kwenye kabati jembamba la apatimenti. Chini iko ya kufulia, juu yake kikaushio, na nyuma yake mipira ya maji, waya wa umeme, bomba la gesi na bomba nene la kutolea hewa, vyote vimebanana na ukuta. Kuna zilizotengenezwa kama kitu kimoja chenye paneli moja ya vitufe, na kuna mashine mbili tofauti zilizofungwa pamoja kwa vyuma maalumu. Kwa fundi tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mtumiaji, la kushika ni hili: mashine zilizobebana huambukizana matatizo. Nguo zisizokamuliwa vizuri chini hukaa juu saa mbili bila kukauka, na kikaushio ndicho kinachobeba lawama. Mtikisiko wa chini hulegeza bomba la hewa la juu. Kilainisha nguo kinachotiwa chini huziba chujio la juu. Kabla ya kuagiza kipuri chochote, tafuta kwanza ugonjwa unaanzia wapi.

Hakikisha pia kwamba kikaushio chako ni cha gesi kweli. Cha gesi kina plagi ya kawaida ya volti 120 kama ya pasi, pamoja na bomba la gesi lenye koki. Cha umeme kina plagi kubwa ya volti 240 yenye meno manene matatu au manne. Hili si jambo dogo, kwa sababu ushauri mwingi unaosambaa ni wa vikaushio vya umeme. Utaambiwa, kwa mfano, kwamba pipa likizunguka bila joto basi breka moja kati ya mbili (swichi za usalama kwenye boksi la umeme la nyumba) imekatika. Kwa kikaushio cha gesi ushauri huo haukuhusu hata kidogo: umeme wake unazungusha mota na kuwasha moto tu, joto linatoka kwenye gesi.

Harufu ya gesi na gesi isiyo na harufu

Gesi asilia yenyewe haina harufu. Kampuni huitia kemikali inayonuka kama mayai yaliyooza ili uvujaji ujulikane. Ukiisikia harufu hiyo nyuma ya mashine, usiwashe taa wala kuizima, usichomoe plagi, usipige simu ukiwa ndani. Toa watu wote nje, kisha ukiwa mbali na nyumba piga 911 au namba ya dharura ya kampuni ya gesi, ambayo huandikwa kwenye bili. Usirudi kuchukua kitu.

Ujue koki yako iko wapi leo, siku ambayo hakuna tatizo. Mkono wa koki ukilala sambamba na bomba, gesi iko wazi; ukikata bomba kama msalaba, imefungwa. Mwonyeshe kila mtu mzima wa nyumbani, pamoja na mama mkwe aliyekuja kukaa na wajukuu.

Hatari ya pili haina harufu wala rangi, nayo ni kaboni monoksaidi, inayotokana na moto usiopata hewa ya kutosha au moshi usiopata njia ya kutoka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mara nyingi watu kadhaa nyumbani huzipata kwa pamoja. Weka king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala na ukijaribu mara kwa mara. Yale makopo ya maji yanayouzwa ili hewa ya kikaushio ibaki ndani ya nyumba na kuipasha joto wakati wa baridi ni ya vikaushio vya umeme peke yake. Kikaushio cha gesi lazima kitoe hewa yake nje ya nyumba, bila ubaguzi wowote.

Nguo zinatoka na unyevu

Hili ndilo lalamiko kubwa, na watu hukimbilia kununua kiwashio kipya, kile kipande kinachowasha gesi, kabla ya kuangalia mambo mawili yasiyogharimu kitu.

La kwanza ni mashine ya chini. Mzunguko wa kufua ukiisha, chukua taulo moja, ulikamue kwa mikono miwili. Maji yakichuruzika, kikaushio hakina kosa. Mashine haikukamua: labda pampu haitoi maji sawasawa, mzigo umeegemea upande mmoja, au umechagua mzunguko wa nguo laini ambao hukamua polepole. Blanketi zito la sufi lililofuliwa peke yake hufanya hivyo mara nyingi. Hujikusanya upande mmoja, mashine inahisi mtikisiko na kupunguza mwendo. Ongeza taulo mbili tatu za kulisawazisha, kisha urudie kukamua.

La pili ni joto. Kama taulo lilikuwa na unyevunyevu tu, liingize juu, washa, subiri dakika kumi, kisha fungua mlango na ushike nguo. Nguo za moto lakini mbichi maana yake hewa haitoki. Nguo za baridi na mbichi maana yake moto hauwaki. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na kila moja lina njia yake.

Joto lipo, hewa haitoki

Kikaushio hukausha kwa kupitisha hewa ya moto ndani ya nguo na kuitoa nje ikiwa imebeba maji. Hewa ikikwama, maji hayana pa kwenda, hata moto uwe mkali namna gani. Chumba kinakuwa na fukuto, kioo cha mlango kinatoa jasho, bati la juu linachoma mkono.

Anza na chujio la manyoya ya nguo. Kila mtu anajua kuyatoa manyoya. Wachache wanajua kwamba chujio lenyewe linaweza kuziba huku likionekana safi. Vile vitambaa vya kulainishia vinavyotupwa ndani ya kikaushio, na kilainisha cha maji pia, huacha utando mwembamba wa mafuta kwenye wavu. Lipeleke chujio kwenye sinki, lilaze, ulimwagie maji kidogo. Likiwa zima, maji yanapita papo hapo. Likiwa na utando, maji yanasimama juu ya wavu kama yaliyomwagwa kwenye sahani, na unaweza kuyaona yakitikisika bila kuanguka. Hewa nayo inazuiwa vivyo hivyo. Lisugue kwa mswaki laini, maji ya moto na sabuni ya vyombo, lisuuze, likauke kabisa ndipo ulirudishe.

Kisha toka nje ukatafute tundu la hewa ukutani kikaushio kikiwa kinazunguka. Kifuniko chake kinapaswa kuinuka na hewa ya moto itoke kwa nguvu. Kikiinuka nusu tu, au kisiinuke kabisa, njia imeziba. Majira ya baridi, theluji au barafu inaweza kukigandisha. Majira ya kuchipua, ndege hujenga humo. Kukiwa na wavu wa kuzuia panya kwenye tundu hilo, uondolewe. Wavu hukamata manyoya na kuziba ndani ya muda mfupi, na ndiyo maana kanuni za ujenzi zinaukataza.

Katikati ya tundu na mashine liko bomba lenyewe. Liwe la chuma, la upana wa inchi 4, lenye kuta laini. Mabomba ya plastiki nyeupe na yale ya foili yenye mikunjo hayafai: mikunjo hushika manyoya, na plastiki huungua. Viungo vifungwe kwa utepe wa chuma au kwa klempu, si kwa skrubu ambazo ncha zake zinaingia ndani na kukamata manyoya. Kanuni ya ujenzi wa nyumba inayofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani, IRC, inaweka kikomo cha futi 35, karibu mita 10 na nusu, na kila kona ya mraba hupunguza futi 5, isipokuwa mtengenezaji wa mashine ameelekeza vingine. Bomba lenye kona tatu limekwisha kupoteza futi 15.

Mashine zilizobebana zina udhaifu wao hapa. Tundu la kutolea hewa la kikaushio liko juu, kwenye usawa wa kifua, ilhali tundu la ukutani mara nyingi liko karibu na sakafu kwa sababu lilichorwa kwa ajili ya kikaushio cha kusimama chini. Bomba hushuka nyuma ya mashine, na mtu anaposukuma mashine ziingie vizuri kabatini, hulibonyeza likawa bapa. Mulika tochi ubavuni kabla ya kulaumu kitu kingine. Ukiona limebonyea, au limechomoka na kumwaga manyoya nyuma ya mashine, acha kutumia kikaushio mpaka litengenezwe. Bomba lililochomoka kwenye kikaushio cha gesi linamwaga moshi wa kichomeo, pale gesi inapoungua, ndani ya nyumba. Kwa sababu hiyo hiyo, usifuate ushauri wa kuchomoa bomba na kuendesha mashine ili ujaribu kama ndilo tatizo.

Bomba linalopita darini au gereji isiyo na joto hupata shida nyingine wakati wa baridi kali ya Minnesota au Ontario. Mvuke hugandamana kuwa maji ndani ya bomba baridi, maji yanakaa mahali palipobonyea, manyoya yananata humo kama tope. Ukisikia mchirizi wa maji ukutani wakati wa kukausha, ni hilo. Bomba lisafishwe, linyooshwe, lifungwe sufi ya kuzuia baridi.

Nasisitiza usafi wa njia hii kwa sababu si suala la nguo tu. U.S. Fire Administration, idara ya serikali kuu inayoshughulikia mambo ya moto, ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 majengo ya makazi ya Marekani yalipata matukio ya moto yapatayo 2,900 kwa mwaka yaliyoanzia kwenye vikaushio, na sababu iliyoongoza ni kutosafisha. Liko na jingine linalowahusu wapishi wetu. Aproni na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kukaangia maandazi na sambusa, na taulo zilizofuta mafuta ya kupaka mwilini, hubaki na mafuta hata baada ya kufuliwa. Yakipata joto, mafuta ya mimea huendelea kujipasha yenyewe ndani ya lundo la nguo, hata mashine ikiwa imezimwa. Nguo za namna hiyo zianikwe.

Pipa linazunguka, joto hakuna

Nenda jikoni kwanza. Jiko la gesi likigoma kuwaka, gesi haifiki nyumbani. Jiko likiwaka, tazama koki ya kikaushio. Wapangaji wapya mara kwa mara huikuta imefungwa tangu mpangaji wa zamani alipohama. Hakikisha pia hukuchagua mzunguko wa hewa baridi.

Yote hayo yakiwa sawa, msikilize na umtazame kichomeo. Ukielewa mpangilio wa kuwaka kwake, utajua kipuri gani kimekufa kabla fundi hajafika.

Ukibonyeza kitufe cha kuanza, mota huzungusha pipa na feni. Mota ikifikia mwendo wake, swichi iliyomo ndani yake huruhusu umeme uende kwenye kichomeo. Kiwashio, kipande kidogo kama chaki ya kijivu, huanza kung'aa rangi ya chungwa na kuzidi kuwa cheupe. Kando yake iko sensa inayohisi joto hilo. Baada ya muda, kwa kawaida chini ya dakika moja, sensa hukata umeme unaopita ndani yake. Unasikia "tak" ya vali ya gesi ikifunguka, kisha mvumo wa moto kushika. Kiwashio kinazimika, mwali wa bluu unabaki. Joto likitosha, thamostati, yaani kidhibiti joto, inafunga gesi. Likishuka, mchezo unaanza upya. Mashine nyingine zina kitobo cha kuchungulia kichomeo. Zisizo nacho, zima taa za chumba, kaa kimya, usikilize na utafute mwanga kwenye mianya ya paneli.

Kiwashio kisipong'aa kabisa, huenda kimekatika. Ni kipande dhaifu kama kigae, nacho huvunjika kwa mtikisiko, tena kinapokaa juu ya mashine ya kufulia inayoruka sakafuni. Lakini kabla ya kukibadilisha, fyuzi ya joto, ile inayokata umeme joto likizidi, na sensa nazo zipimwe kwa mita ya umeme, kwani zikikatika kiwashio hakipati umeme. Fyuzi ya joto haijirudishi, hubadilishwa. Na ikiwa imekatika, karibu kila mara ni kwa sababu bomba la hewa limeziba. Ukiibadilisha bila kusafisha bomba, itakatika tena.

Kiwashio kinang'aa, kinaendelea kung'aa tu, "tak" haisikiki: sensa imeganda na haikati.

Kiwashio kinang'aa, kinazimika, moto haushiki, baada ya muda kinang'aa tena: hizi ni koili za vali ya gesi, yaani nyaya zilizosokotwa zinazoifungua vali kwa umeme. Lalamiko huja hivi: "Kaka fundi, mzigo wa kwanza umekauka vizuri, wa pili umetoka baridi." Koili zilizochoka hufanya kazi zikiwa baridi, zikipata joto zinakata, kesho yake asubuhi zinafanya kazi tena. Watu wengi hubadilisha kiwashio kwa tatizo hili na kupoteza pesa, wakati kiwashio kinachong'aa hakina ubaya. Koili huuzwa kwa seti, si ghali, na zinakaa nje ya njia ya gesi, juu ya vali. Pamoja na hayo, mkono wowote unaogusa eneo la kichomeo uwe wa fundi mwenye leseni, au angalau wa mtu aliyefunga koki na kuchomoa plagi na anayejua anachofanya. Vali yenyewe usiifungue kamwe.

Moto ukishika lakini mwali ni wa njano na mrefu badala ya bluu, zima. Ama hewa haitoshi, ama mashine iliyotengenezwa kwa gesi asilia imeunganishwa kwenye mtungi wa propani bila kubadilishiwa vipuri vyake. Propani hutoka kwa shinikizo kubwa zaidi na huhitaji tundu dogo zaidi. Wanaoishi mashambani nje ya miji, ambako mtungi mkubwa hukaa uani, wahakikishe jambo hili wanaponunua mashine iliyotumika.

Kinazima mapema, hakiwaki, au kinapiga kelele

Kikaushio kinachosema nguo zimekauka wakati ni mbichi kina vyuma viwili vyembamba ndani ya pipa, karibu na chujio, vinavyohisi unyevu. Utando wa vilainisha huvifunika pia. Vifute kwa pamba yenye spiriti. Kanga moja au mbili pekee nazo humdanganya kihisi kwa kutovigusa vyuma vya kutosha. Tumia muda wa dakika badala ya mzunguko wa kujipima.

Kisipowaka kabisa, chomeka taa kwenye soketi ile ile. Taa isipowaka, tafuta breka au kitufe cha kurudisha umeme kwenye soketi. Taa ikiwaka, shuku swichi ya mlango, kisha fyuzi ya joto, kwa sababu katika mashine nyingi fyuzi hiyo huzuia hata mota. Mota ikivuma na pipa lisizunguke, mkanda umekatika: ingiza mkono ulizungushe pipa, likiwa jepesi mno ndio huo. Mdundo wa kurudiarudia dakika za mwanzo na kuisha baadaye hutokana na magurudumu ya pipa. Mkwaruzo wa chuma usipuuzwe hata siku moja.

Ya chini: kutetemeka, maji, harufu

Mtikisiko huo wote unasafiri juu hadi kwenye kiunganishi cha gesi, kwa hiyo usiuzoee. Mashine mpya ya mlango wa mbele husafirishwa na boliti ndefu nyuma zinazoshikilia pipa. Zisipotolewa itaruka chumba kizima. Mashine ya zamani iwekewe pimamaji, mbele kwa nyuma na upande kwa upande, kisha miguu irekebishwe na nati zake zikazwe. Vyuma vya kubebanisha viwe vya mtengenezaji huyo huyo na vya modeli hiyo. Kuzivuta mashine kutoka kabatini ni kazi ya watu wawili, koki za maji na gesi zikiwa zimefungwa, kwa kuwa kiunganishi cha gesi kinachopinda hakipendi kuvutwa. Mashine zikihamishiwa nyumba nyingine, kinunuliwe kipya. Cha zamani hakirudiwi.

Maji yasipotoka, angalia mpira wa kutolea maji usiwe umekunjwa, kisha chujio la pampu kwenye mashine za mlango wa mbele, chini kulia au kushoto nyuma ya kifuniko kidogo. Weka sahani pana na taulo kabla ya kulifungua. Sarafu, pini za hijabu na soksi za mtoto hukaa humo. Maji yakiingia na kutoka wakati huo huo bila mashine kujaa, mpira umesukumwa chini mno kwenye bomba la ukutani na unayanyonya. Uvute juu na uuache uwe na nafasi ya hewa pembeni. Maji yakiingia polepole, safisha nyavu ndogo kwenye viungio vya mipira ya maji. Mipira ya raba tupu ibadilishwe na ile iliyosukwa kwa waya wa chuma, na ukisafiri kwenda nyumbani kwa mwezi mzima, funga koki zote mbili.

Harufu ya uvundo huletwa na sabuni nyingi kuliko inavyotakiwa. Mashine hizi hutumia maji machache na zinahitaji sabuni yenye alama ya he, vijiko viwili vya chakula kwa mzigo wa kawaida. Povu likizidi, haliishi kusuuzwa. Futa mpira wa mlango, acha mlango wazi baada ya kufua, na endesha mzunguko wa maji ya moto bila nguo mara moja kwa mwezi.

Kabla ya kuita fundi

Kama ni mpangaji na mashine ulizikuta ndani, soma mkataba. Mara nyingi matengenezo ni ya mwenye nyumba. Peleka ombi kwa maandishi na uhifadhi nakala, tena utaje neno gesi bayana kama tatizo liko kwenye moto au bomba la hewa. Fundi ukimwita mwenyewe, mpe namba ya modeli iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango, msimbo wowote wa hitilafu ulioonekana, na majibu ya maswali haya: taulo lilitoka chini likiwa linachuruzika au la, nguo zilikuwa za moto au baridi baada ya dakika kumi, kifuniko cha nje kiliinuka au hakikuinuka, kiwashio kiling'aa au hakikung'aa, na "tak" ilisikika au haikusikika.